Mwenzangu Alifeli, Nami Nimeshindwa Kusoma

Shangazi mshauri, shikamoo, nakuandikia nikiwa kitandani na vitabu viko miguuni, naomba unisikilize.

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu, nasomea tiba ya viungo, na tangu siku ya kwanza chuoni nilikuwa na mwenzangu wa chumba, tulikuwa chanda na pete, hatukujua kusoma kwa kukodolea kitabu macho, yeye ananinyooshea mkono, mimi nagusa msuli mmoja baada ya mwingine nikiutaja, nikikosea ananifinya, "Rudia bibi, huo ni wa jirani," tunacheka, tunarudia, lakini mwaka jana yeye akafeli, akakunja godoro akarudi kwao, na mimi niliyefaulu nikashindwa hata kumsindikiza stendi, niliona haya kama vile nimemwibia alama zake. Miezi saba sijampigia. Kitanda chake ki wazi mbele yangu, nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, nikifika chini nimesahau juu, chakula hakipandi, usingizi wa mang'amung'amu.

Mwezi jana kwenye mtihani wa vitendo nilipewa fundi cherehani mwenye bega lililokakamaa. Mkufunzi akasema, "Mwinue mkono." Shangazi, najua unavyoinuliwa, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka yule fundi mwenyewe akaniambia taratibu, "Usiogope mwanangu, ni bega tu." Nikatoka nje bila kuaga. Marudio ni baada ya wiki tatu, mama akipiga simu namwambia nasoma, na moyoni naona heri niache chuo. Lakini mlango wa jirani ukilia, bado nageuka nikidhani ni yeye. Nifanyeje?

Mikono Mizito

*

Binti yangu Mikono Mizito,

Marahaba, na pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hukumwibia mtu alama. Ulichomnyima ni rafiki, tena siku aliyomhitaji kuliko zote. Amepoteza mwaka, na wewe ukamwongezea kimya. Unadhani huko kwao anakuwazia mema? Mpigie leo, kabla hujala. Usimzungushe, mwambie, "Nilikuwa na haya, nisamehe, nina hamu nawe." Akikata, mwandikie. Akinyamaza, uheshimu ukimya wake.

Halafu, nani alikwambia tiba ya viungo husomwa kwa kujifungia? Hapo darasani kwenu wamo wanaotetemeka kama wewe, ila wanaficha. Mwombe mmoja bega lake, nusu saa kila jioni, mtajiane misuli. Hatakuwa yule wako, wala usimlinganishe naye. Atatosha kwa mtihani.

Kukosa usingizi na chakula kwa miezi si uvivu, binti. Ni kuumwa. Kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni umweleze kama ulivyonieleza mimi. Wagonjwa wako utawasihi waje kabla kiungo hakijakauka. Wewe unangoja nini? Na mama yako mwambie ukweli, kudanganya kunakuchosha kuliko kusoma.

Kuhusu kuacha chuo, usiniulize sasa. Mtu hakubali kukatwa mguu siku ulipoteguka. Fanya marudio kwanza.

Na mwenzako akipokea simu, usimweleze habari za chuo. Muulize anaendeleaje, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.