Viatu vya Wakiuru

Idrisa mwanangu,

Chai imo chupani. Sare na viatu tulivyomnunulia Wakiuru vimebaki mlangoni. Vifikishe kwao Kiganjo kabla ya adhuhuri.

Asubuhi ulimwamuru binti wa watu asimame na viatu vipya, atabasamu, umpige picha wafadhili wamwone. Alivivua, akavipanga kizingitini pamoja na sare, akaniambia kwa upole, akiniita babu kwa Kikuyu, "Asante, guka. Niko na ndara." Akaenda shule hivyo hivyo, katika baridi hii.

~~Umwombe radhi mbele ya mamake.~~ La, hilo nalo litamwaibisha. Mkabidhi mama mzigo, useme ni vya mtoto, kisha urudi.

Sadaka niliyofunzwa haina picha. Simu uliyoiacha kwenye chaji nimekwenda nayo msikitini.

Baba yako