Soseji za Ezra

Ilford, Ijumaa usiku, Machi 1998

Bado natema mate. Jirani yangu Ezra, Yahudi wa Aden aliyekulia Mombasa, kila Ijumaa huwasha mishumaa yake na kuniita tule. Mimi Mwislamu huwa sina wasiwasi, maana nyama ya kwao ni ya kuchinjwa.

Leo mwanawe David kaleta soseji. Nikanusa, nikamfuata jikoni. Pakiti ina picha ya nguruwe, tena anacheka!

"Relax, anko," akaninong'oneza. "Dadi haoni tena. Na hapa si Aden."

Jitu zima lenye tai shingoni linamlisha babake haramu! Ningekuwa na meno ningemng'ata.

Alipoondoka nikaanza, "Ezra, mwanao kakulisha..."

"Nguruwe. Nimepofuka macho, we mzee mjinga, si pua."

Akatoa leso mfukoni. Soseji zote zimo, mafuta yamepenya mpaka surualini.

"Nikimgombeza hatakuja tena Ijumaa. Nenda katupe, na ufunge domo lako."

Nimezitupa. Nimenawa kwa sabuni na ndimu, mikono bado inanuka. Na wiki ijayo itabidi nikae mezani nimchekee yule mshenzi.