Upande wa Kushoto wa Fiacre

Jumamosi, 1 Novemba
Tumeshinda! Nimemaliza takwimu za ukabaji, nimemtumia kocha. Fiacre, shemeji yangu, ndiye beki wetu wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa kurushwa kwa mikono; kazi yake ni kumkaba mpokeaji asiudake. Mechi nzima wapinzani wamerusha mpira mmoja tu upande wake, nao haukudakwa. Kocha anasema hakuna beki kama huyu Sydney nzima. Jumamosi ijayo anakuja mtu wa chuo kimoja cha Marekani kumtazama. Akimpenda, watamsomesha bure. Mume wangu Callixte amecheka hadi machozi – ndiye aliyemlea mdogo wake tangu kambi ya wakimbizi Tanzania.

Jumapili, 2 Novemba
Baada ya kanisa nimerudia video. Safari hii sikuufuata mpira, nimemfuata Fiacre. Mungu wangu! Mpokeaji wa wapinzani anampita upande wa kushoto, anabaki peke yake, mikono juu, anaomba mpira. Mrushaji hata haangalii huko. Wanaliogopa jina la Fiacre. Mimi nahesabu mipira iliyorushwa. Isiyorushwa sina pa kuiandika. Basi anaonekana hodari.
Septemba hakuwa hivi. Ni tangu ile mechi aliyogongwa kichwa.

Jumanne, 4 Novemba
Asubuhi amemimina chai nje ya kikombe. Nikamuuliza, akasema ni usingizi. Nikamfuata hadi kwenye gari. Ndipo akasema: jicho la kushoto linamulikamulika, halafu ni kama pazia linashuka. Mimi nahudumia wazee, nimeona jicho la namna hiyo likizima kabisa. Nikamwambia, twende hospitali sasa hivi.
“Jumatatu, shemeji. Mechi iishe kwanza. Ama nibebe maboksi ghalani Wetherill Park mpaka lini?”
Hajafika hata miaka ishirini na miwili.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwambia Callixte.  Akanijibu: namba si ni zako mwenyewe, na zinasema kijana yuko fiti – leo unazikana? Nikamwomba tuangalie video pamoja. Hataki. Anasema Fiacre akivuliwa jezi sasa, hakuna Mmarekani mwingine atakayekuja Bankstown kumtafuta.
Analala sebuleni.
Kocha naye: si alipimwa kichwa, akapita? Nikamuuliza, na macho je? Akasema tutaona Jumamosi, daktari wa mechi atakuwepo.

Jumamosi, 8 Novemba
Mapumziko. Naandika kwenye simu.
Wapinzani wa leo wana mrushaji mgeni, hamjui Fiacre. Mpira wa kwanza upande wa Fiacre – umedakwa. Wa pili – umedakwa, jamaa akakimbia nao mpaka mwisho. Pointi sita. Fiacre aligeukia kulia, mpira ukapita kushoto! Kisha akagongana na mwenzake. Hakumwona kabisa.
Kocha akanijia mbio: hizo sita niziandike kama kosa la beki wa nyuma, si la Fiacre. Mgeni wa chuo amekaa pale na tableti, anangoja namba zangu. Sikuandika kitu. Nimeenda moja kwa moja kwa daktari, nimemwambia yote.
Fiacre ameketi kwenye benchi, hana helmeti. Daktari amemfunika jicho la kulia, ananyanyua vidole. Vingapi? Fiacre anapepesa jicho. Nyuma ya daktari Callixte anapaza sauti kwa Kirundi, kama mtu anayemtia moyo ndugu yake. Daktari anatabasamu, haelewi. Mimi nimeolewa huko, naelewa. Anamtajia idadi.
Viwili, anasema Fiacre.
Sawa. Daktari anabadilisha vidole. Callixte anapaza sauti tena.
Vinne.
Sawa tena. Kocha tayari ameshika helmeti. Daktari amesimama, anageuka huku na huku, ananitafuta. Callixte ameniona kabla yake.  Anatikisa kichwa, polepole, machozi yanamtoka. Fiacre naye ameinua uso, ananitafuta kwa jicho lile lile, anatazama pale ambapo sipo. Daktari ananiita kwa jina, anauliza kama nina hakika na niliyomwambia. Naacha kuandika, naenda kumtafsiria hicho Kirundi.