Birika la Jimbo la Cwm Hedydd

Nyumba ya Darajani,
Cwm Hedydd, Wales.
12 Juni 1983

Mpendwa shemeji Hefin,

Salamu nyingi zikufikie huko Australia, wewe na Carys. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo usiniulize. Tangu tumzike ndugu yako Idris, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu.

Na jimbo letu nalo limekufa, shemeji. Wamechora mpaka mpya katikati ya mto. Upande wa kanisani wamepewa watu wa mjini, sisi tumetupwa kwa watu wa mlimani ambao hata jina la bonde letu hawajui kulitamka. Jimbo lililopeleka mbunge London tangu baba yenu akiwa kijana, halipo tena. Wala hatukuulizwa!

Unaikumbuka desturi yetu. Kura zikishahesabiwa, asubuhi mshindi huvuka daraja kwa miguu, anywe chai jikoni kwetu kabla ya kwenda popote. Baba yenu aliianzisha, Idris akaiendeleza. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Nesta, uchaguzi ukifika, usiache birika lipoe." Nikamwahidi.

Basi Ijumaa, asubuhi ya kuamkia matokeo ya kura, nilichemsha maji, nikakaanga vikeki vya zabibu, nikatandika kitambaa cheupe. Nilijua hakuna mbunge wa kuja. Nilijua, shemeji! Lakini nilikuwa nimemwahidi. Nikakaa dirishani, daraja tupu. Nikachemsha tena, na tena, mwisho nikaangua kilio.

Mara namwona mzee anavuka na fimbo yake. Gethin Pugh! Yule aliyegombea kila uchaguzi akashindwa kila uchaguzi, Idris akimtania mpaka kanisani.

"Umepotea njia wewe?" nikamuuliza mlangoni.

"Sijapotea. Jimbo halipo, basi safari hii hakuna aliyenishinda hapa. Chai ipo, au mnawapa washindi tu?"

Nikamketisha kwenye kiti cha mshindi. Nikammiminia chai.

"Kiti hiki nimekitamani maisha yangu yote," akasema. "Leo nimekikalia, na Idris hayupo wa kunifukuza."

Tukalia, watu wazima sisi. Alipoondoka, nililiacha birika lipoe. Nadhani Idris atanielewa.

Nisalimie Carys, mwanao Mair na wajukuu. Mungu awafunike kwa rehema zake, nyote mlio mbali.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye siku zote,
Nesta