Kiti cha Wafula

Tuwan, Kitale

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi tuko salama, ila goti la babu yako bado linamsumbua. Unauliza ukienda Kendu Bay na wenzako wa chuo mtembee wapi.

Mimi nilifika huko nikiwa msichana, na baba. Kaka yangu Wafula alikuwa amezama ziwani na mwili haukupatikana. Wenyeji walitupokea vizuri. Walitupitisha kwenye msikiti wa zamani, kisha ziwa dogo la Simbi, wakatuambia kuna kijiji kizima chini ya yale maji. Flamingo walikuwa wengi, wazuri ajabu. Baba hakuwatazama.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huitwa pale alipopotelea, roho yake ikaletwa nyumbani, halafu shina la mgomba likazikwa badala ya mwili. Baba alisimama kwa gati akamwita Wafula, sauti ile ile ya kumwita aje kula. Kisha tukaenda stendi.

Kwa basi alilipia viti vitatu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama cha katikati kiko wazi.

"Hapana mama, kuna mtu," baba akasema, akainuka akampa chake. Alisimama mpaka Bungoma, mkono juu ya kile kiti kitupu.

Tuliposhuka nilimsikia akisema polepole, "Twende, Wafula. Tumefika."

Nenda uone yote, mjukuu wangu. Mimi mpaka leo nikikuta kiti kitupu garini, huuliza kwanza kama kuna mtu.

Kukhu wako