Tawi la Njia Panda ya Msuku

Alhamisi, tarehe 3 mwezi wa saba 2025

Nimetembea tangu saa kumi na mbili asubuhi – hadi reli, kando ya reli hadi matanuri ya matofali, na kurudi. Miguu haitaki kukaa. Kamina ni tambarare. Mtu anatembea saa mbili na bado anaona kanisa lile lile nyuma yake. Miaka ishirini niko hapa, na magoti yangu bado yanangojea mlima.

Saa nne alikuja Nathalie, mjukuu wa mdogo wangu Mulongo. Anafundisha jiografia. Habari kubwa: vijana wa Lubondo, mji wetu mdogo wa mlimani, ng'ambo ya Lualaba, ule tulioukimbia, wanataka kufungua njia za zamani na kupiga alama za rangi kwenye mawe, ili wageni waje kutembea. Kutembea kwenda wapi? nikamwuliza. Akacheka. Huniita Nkambo, kama anavyomwita babu yake.

"Kutembea tu, Nkambo. Wanapanda, wanaangalia, wanashuka."

Bila mzigo?

"Bila mzigo."

Nikamfikiria mama. Alipanda njia zile zote na mihogo kichwani, na sikumwona hata siku moja akisimama kuangalia.

Nathalie anaondoka na treni tarehe 24, ikiwa treni itakubali. Anataka nimchoree ramani, maana picha za telefone hazionyeshi njia zilizo chini ya miti. Na anataka Mulongo aende naye, awe kiongozi. Nimemwambia ajaribu kumwuliza. Jibu ninalijua.

Ijumaa, tarehe 4

Nimechora siku nzima. Karatasi nne, nimezigandisha kwa uji wa mihogo. Njia ya maji: dakika ishirini kushuka, arobaini kupanda na ndoo. Njia ya misioni: mawe meupe, kisha daraja la magogo mawili. Njia ya mgongoni, ambako upepo wa mwezi huu huuma masikio. Mkono unajua kila kona. Nilifurahi – kweli, hata nikasahau kula.

Halafu nikafika njia panda yenye mti wa msuku, na kalamu ya biki ikasimama.

Kwetu, anayetangulia hukata tawi bichi na kulilaza kwenye njia ambayo hakupita. Anayefuata akiliona anajua: huku kumefungwa. Hata mtoto wa miaka mitano hawezi kuliruka. Vibao hatukuwa navyo. Tulikuwa na matawi, na tuliyaamini.

Nimeficha karatasi chini ya godoro, kama mwanafunzi. Nimetoka kutembea tena.

Jumapili, tarehe 6

Baada ya misa Mulongo alifika kwa moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Baze, kwenye kambi ya jeshi, yeye na mke wake Tshiala, anayeuza samaki kwa wake za askari. Tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na samaki wa Tshiala. Nathalie alikwisha kuipata ramani – alitandika kitanda changu, mtoto huyu! – akaifungua mezani. Akamwomba babu yake awe kiongozi.

"Minyi?" akasema Mulongo, akijigusa kifua. "Weye unataka bantu yako bapotee?"

"Uyu?" Tshiala akadakia. "Hata kwenda ku soko anangoja kuku itangulie."

Tulicheka wote. Mulongo pia. Lakini ni hivyo hivyo. Tangu tufike Kamina hajatembea mbele ya mtu. Hata kwenye barabara pana anapunguza mwendo mpaka umpite.

Kisha akaweka kidole juu ya msuku niliouchora, akaniangalia mimi, yaya wake, mkubwa wake.

"Apa njo nilipotezea mama. Yaya alifunga njia ya kuume. Minyi niliona tawi iko ya kushoto. Mvua, na jua ilishaingia. Macho yangu njo ilinidanganya."

Alisema hayo kama mtu anayetaja mwaka wake wa kuzaliwa. Nathalie akainamisha kichwa. Mimi nikaomba maji ya kunawa, na mikono ilikuwa safi.

Jumatatu, tarehe 7

Sijawahi kuandika haya. Niandike kwa mpangilio.

Mwezi wa pili, 2005. Watu wenye silaha wameingia Lubondo. Mimi natangulia kutafuta njia. Mulongo anafuata nusu siku nyuma, mama mgongoni. Kwenye msuku nalaza tawi kushoto na kwenda kulia. Baada ya saa moja hivi nafika mtoni. Daraja limechukuliwa na maji. Narudi mbio. Kwenye msuku naruka tawi langu mwenyewe na kupita kushoto.

Sikuliondoa.

Nilikuwa nafikiria nini? Kikohozi cha mama, labda. Labda kuokoa ngozi yangu tu. Sijui. Ni kuinama mara moja, kunyoosha mkono, na kulitupa kando.

Mulongo alifika jioni, akaona tawi liko kushoto, akatii, akaenda kulia. Siku mbili kwenye ukingo wa mto, mvua bila kukoma. Mama alifia pale.

Tulikutana Bukama siku ya tisa. Akaniuliza: yaya, ulipita wapi? Nikajibu: kushoto. Nikaona uso wake ukipiga hesabu. Basi tawi lilikuwa kulia. Basi mimi nimeona vibaya. Nilifungua mdomo. Alikuwa analia. Nikaufunga.

Macho yake yaliona sawasawa. Ni hayo tu. Kurasa mbili, hata hazijai.

Jumatano, tarehe 9

Nilikwenda Baze. Mulongo alikuwa anaweka mpini kwenye jembe. Tukanywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi. Tukaongea juu ya mahindi ya Kaniama, mvua iliyochelewa msimu uliopita, goti lake. Saa tatu nzima. Nikapanda moto nikarudi.

Mwoga.

Ijumaa, tarehe 11

Silali vizuri, sisomi. Kitabu kile kile, ukurasa ule ule, tangu Jumatatu. Natembea hadi reli mara tatu kwa siku. Mlinzi wa stasyo ameniuliza kama ninangojea mtu.

Nathalie amepita jioni. Yeye na vijana wa Lubondo wanataka kumwekea mama jiwe, jina na miaka, kwenye njia panda. Na chini yake maneno machache ya kueleza jambo lenyewe. Ameshayaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: kwamba mwana aliliona tawi vibaya katika mvua. Je, ni sahihi, Nkambo?

Nikasema nitaangalia.

Kwenye jiwe! Karatasi inaweza kuungua.

Kesho tunatembea sisi watatu, njia za kijitoni. Anataka kujaribu rangi yake, na amemvuta Mulongo kwa kumwahidi kwamba atakuwa wa mwisho.

Jumamosi, tarehe 12

Naandika nikiwa njiani, juu ya goti.

Tuliingia msituni saa mbili. Mimi mbele, Mulongo nyuma yangu. Nathalie alibaki kwenye mawe, na kopo lake la rangi nyekundu. Nilihesabu hatua mia, kisha mia nyingine. Nikasimama bila kugeuka, nikasema: tawi lilikuwa kushoto.

Nyuma yangu Mulongo akauliza: "Gani?"

Lile la msuku. Nililaza kushoto, nikaenda kulia, nikarudi, nikaliruka. Sikuliondoa. Wewe uliona vizuri.

Nikageuka. Hakuwa na hasira – au sikujua kuisoma.

"Ilikuwa ya musuku yenyewe, tawi? Na majani ilikuwa inaangalia juu?"

Ndiyo. Vyote viwili.

Akatikisa kichwa polepole. Hata majani aliyaona.

"Yaya," akasema, "batoto yangu bote, hakuna hata mumoja nilimushika mukono kumupeleka ku masomo. Niliogopa nitabapoteza."

Halafu akanipita. Njia ni nyembamba. Bega lake liligusa langu. Akaenda mbele, upesi, kama kijana. Sikumwita.

Nimemfuata taratibu mpaka hapa, njia inapogawanyika mbele ya kijito. Kuna tawi. Bichi, limekatwa sasa hivi, utomvu bado unatoka. Limelala kulia.

Nimekaa juu ya jiwe. Sisikii hatua zake. Labda alikwenda kushoto. Labda alikwenda kushoto, akarudi, akaliruka tawi lake kama mimi. Labda hataki nimfuate, na ameniwekea la uongo, ana haki. Naliangalia tawi, na tawi haliniambii lolote zaidi. Miaka ishirini, na vitabu vyote nilivyosoma, sikuwahi kusimama hapa aliposimama yeye.

Nathalie anakuja, rangi hadi kwenye viwiko. Ananiuliza Nkambo Mulongo yuko wapi, na sisi tupite wapi.

Nimemwambia: kushoto.

Nasimama.