Mstari wa Mbele

Jumatatu, 9 Mei 1983

Mama Kapinga ameshikwa na malaria, mbaya. Kikundi chote cha ngoma kimebaki mikononi mwangu mpaka sikukuu ya chama, tarehe 20. Mimi! Nimeandika hivi na bado siamini.

Nimekwenda kumsalimia. Amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Akaniambia: nyimbo naweza kubadilisha, hatua za miguu pia, mavazi pia. "Lakini mistari ya wachezaji, Pélagie, ibaki vile iko." Nikauliza kwa nini. "Ni vile tu. Wewe fanya."

Ni vile tu. Si jibu la mtu aliyenifundisha kuuliza.

Nilikuwa mdogo nilipoona michezo yake ya parokia. Watu walijaa hata madirishani. Aliweza kumfanya muuza samaki awe malkia kwa kumgeuza shingo tu. Siku ile nilijua nitafanya kazi gani maishani. Kisha chama kikamchukua yeye na watu wake wafanye animation: kucheza na kuimba kila mkubwa anapofika. Kila mwaka wanachagua vikundi vya kwenda kushindana Lubumbashi. Chetu, hata mara moja. Mjini wanasema jicho lake limekufa. Mimi pia nimeanza kusema hivyo, kimoyomoyo.

Alhamisi, 12 Mei

Mazoezi nyuma ya shule. Mara ya kwanza nimesimama mahali pa Mama Kapinga, mbele kabisa, nikaona anachokiona yeye kila siku. Nimeshangaa.

Katikati ya mstari wa mbele: Mama Claire, mimba ya miezi minane. Pembeni yake Mama Émérence, ambaye anaanza na mguu mbaya tangu nimfahamu. Wengine wa mbele ni wanawake wazima, wanene, waliochoka, mmoja na mtoto mgongoni. Nyuma yao, wamefichwa kama viti vibovu: wasichana wote wanaojua kucheza. Nyuma kabisa: Dorothée. Hata mahali pangu mimi ni kule nyuma.

Dorothée ni binti wa dada yangu wa Moba. Anakaa kwetu kwa sababu ya masomo. Ana miaka kumi na saba. Akiinua mkono, unaona mkono umeinuka kwa sababu. Hakuna aliyemfundisha.

Kipaji kama kile, nyuma ya mgongo wa Mama Émérence! Nimerudi nyumbani na hasira. Nilichora mistari mipya kwenye karatasi, nikafuta, nikachora.

Jumanne, 17 Mei

Nimefanya. Wasichana mbele, wamama nyuma, Dorothée katikati.

Mama Claire hakusogea. Alishika kiuno, akaniangalia.

— Mama Kapinga njo amesema?

Nikasema ndiyo.

Ilitoka rahisi hivyo. Mama Émérence akacheka kidogo, bila furaha: "Basi, kama Mama amesema. Twende nyuma, wazee." Mama Claire alisogea mwisho, pole pole, akigeuka mara kwa mara kuniangalia. Nilidhani ana wivu. Mwanamke na tumbo lile, bado anataka kuonekana.

Ngoma ilipoanza niliona nywele za mikono yangu zinasimama. Ni kikundi kingine kabisa.

Ijumaa, 20 Mei

Tumeshinda. Hakuna neno lingine.

Mgeni kutoka Kinshasa alikuwa amelegea kwenye kiti, anapepewa. Vikundi viwili vilipita, hata hakuinua macho. Sisi tulipoingia, akakaa vizuri. Mwishoni alisimama — alisimama! — akapiga makofi, na jukwaa lote la wakubwa likasimama nyuma yake.

Kisha mtu wa protokoli, anayepanga mambo ya mgeni, alinifuata chini ya hema. Koti safi, kalamu tatu mfukoni. Aliniita kwa neno la chama, mwananchi:

— Citoyenne, ule wa katikati anaitwa nani?

Nilimwambia. Nilimtajia herufi kwa herufi, asikosee. Nikamwambia anakaa wapi: kwetu, nyumba za reli, mlango wa kijani. Nikamwambia umri. Hata hakuwa ameuliza umri. Nilijivuna, nikaongeza: na bado hajaolewa, anaweza kusafiri na kikundi.

Kesho asubuhi nitampelekea Mama Kapinga habari. Nataka kuona uso wake.

Jumamosi, 21 Mei

Nimeona uso wake.

Aliniacha niseme yote. Makofi, kusimama, protokoli. Aliuliza kitu kimoja tu: katikati alikuwa nani? Nikasema Dorothée. Akaketi kitandani. Jasho lilikuwa linamtiririka, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Akaniambia: wageni hawachagui kikundi. Wanachagua mtu. Na mtu aliyelegea kwenye kiti, macho yake yanaishia mstari wa mbele.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, yote mara moja.

Miaka yote hii. Mwaka huu mimba ya Mama Claire, mtoto mgongoni, mguu mbaya wa Mama Émérence — amewapanga kama watu wanavyopanga mawe mbele ya mlango. Wao wanajua. Wamekubali wenyewe. Lubumbashi hakushindwa kufika. Alikataa kufika, kila mwaka, kwa kucheza vibaya kwa makusudi. Na mjini wanamcheka, na yeye anaacha wacheke.

— Kwa nini hukuniambia, Mama?

— Kabla yako nilikuwa na musaidizi mwingine. Yeye nilimuambia. Habari ikafika kwa wakubwa. Mwaka ule tulipomaliza kucheza, mugeni alisema: mugeuke, wa nyuma wakuje mbele. Walichukua wawili.

Mmoja ni yule Nyange anayeuza maandazi sokoni, mwenye mtoto asiyetajwa baba. Wa pili hakurudi.

Nilimwambia kwamba nilitumia jina lake, kwamba niliwadanganya. Hakugomba. Alisema tu: "Ukimbie nyumbani."

Nilikimbia. Mtu wa protokoli alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kiti cha Papa. Papa na Mama, wazazi wangu, wako Kabalo wiki hii. Nyumba nzima ni mimi na Dorothée. Mezani kulikuwa na kitenge kipya, na Dorothée amekishika shavuni.

Yule mtu alinipa mkono. Pongezi, citoyenne directrice! Tangu leo kikundi ni changu. Mama Kapinga atapumzika, amezeeka. Na mtoto ameonekana; atakwenda Kinshasa, kikundi cha taifa. Kesho saa kumi gari litakuja kumchukua, afike kwanza kumsalimia mgeni kwenye nyumba ya wageni. Kesho kutwa asubuhi, ndege.

— Nimusindikize? nikauliza.

Akacheka kwa adabu. — Kusalimia ni kitu ya muntu moja.

Directrice. Neno nililokuwa nalisema peke yangu nikifua nguo.

Alipokwenda nilimwambia Dorothée yote. Kwanza alikasirika: naona wivu, nataka abaki nyuma kama Mama Kapinga alivyotaka. Nikamwambia habari ya Nyange. Anamfahamu, ananunua maandazi kwake. Alikikunja kitenge, akakirudisha mezani. Kisha:

— Mama mudogo, kama pale mbele ni pabaya, kwa nini uliniweka?

— Sikujua.

— Na Mama Claire? Aliuliza mbele yetu wote. Ulimujibu nini?

Nilikwenda kufunga mlango kwa komeo.

Mama Kapinga alikuja jioni, kwa miguu yake mwenyewe, amefunga kichwa. Akasema: kesho kuna boti ya ziwani ya kwenda Moba. Dorothée aende kwa mama yake. Mgeni anaondoka Jumatatu. Ndege ikishapanda hatamtafuta mtoto mlimani Moba. Shida ni kesho tu. Boti ikiwa bado haijatoka, wakigundua, watashuka bandarini na kumtoa.

— Na mimi? nikauliza.

— Wewe njo directrice, akasema. Cheza mpaka boti itoke.

Jumapili, 22 Mei

Naandika kwa kusimama, chumbani, daftari juu ya dirisha.

Dorothée yuko ndani ya boti. Nilimwona akiingia na kikapu, kilemba cha kizee kichwani, mgongo ameupinda vizuri mno. Boti ilikuwa itoke saa nane. Kutoka hapa naiona bado pale pale gatini: wanapakia chumvi, kisha kreti za bia, kisha wanashusha bia ili wapange chumvi upya.

Gari limefika mapema. Dereva ni mwanaume mpole, mwenye njaa. Nimemwambia mtoto anaoga, anataka kupendeza. Nimempa chai. Ameomba sukari. Nimempa sukari.

Nyuma, kwenye bafu la mabati, Mama Kapinga anajimwagia maji. Na homa ile! Anaimba. Ni sauti ya msichana — nyembamba, ya kucheza-cheza, inakata wimbo kucheka na kurudi. Mimi ninayejua nimegeuka mara mbili kuangalia kama Dorothée amerudi.

Dereva ameita sasa hivi kutoka sebuleni:

— Citoyenne directrice, ule mutoto anaoga miili ngapi?

Nimecheka kwa sauti, kicheko kizuri, sijui kimetoka wapi. Nimesema: "Papa, unapeleka mutoto kwa mukubwa, unataka aende na vumbi?" Akacheka naye. Lakini nasikia kijiko kimewekwa mezani. Kiti kimesogea.

Gatini wanaume wamekaa juu ya magunia, wanavuta sigara. Hakuna anayefungua kamba.

Tulijaza ndoo tatu. Nasikia kopo linakwangua tako la ndoo ya pili: inakwisha. Mama Kapinga ameanza tena wimbo, ubeti wa kwanza, pole pole zaidi.

Dereva yuko uani. Natoka kucheza.